Honi ya Shangazi

Usiku wa jana niliota napiga mswaki kwenye bomba la nyuma ya hosteli, kama ninavyofanya kila asubuhi. Nimevaa kandambili na khanga ya kulalia. Taulo sina, kwa sababu taulo langu analo Shamimu, ninayelala naye chumba kimoja, tangu mvua za masika. Nikainama kusukutua. Nilipoinuka, nyuma yangu kwenye foleni ya bomba alikuwa amesimama Shangazi.

Shangazi ni ndege. Ni ndege ndogo nyeupe yenye mistari ya bluu iliyofifia, ambayo chuo chetu cha urubani kinaitumia kufundishia. Wanafunzi tunamwita hivyo kwa sababu akiwashwa asubuhi ya baridi hunung'unika kwanza, halafu hufanya kazi kutwa nzima bila kusimama. Pale bombani pua yake ilikuwa imefungwa khanga, na pangaboi lake lilikuwa limepinda kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Mkononi, au kwenye kitu ambacho ndotoni nilikubali kuwa ni mkono, alikuwa na ndoo.

"Shikamoo, Shangazi," nilitaka kusema. Kilichotoka ni povu la dawa ya meno.

"Marahaba," akasema. Alikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. "Usiogope, sikuja kugombana. Nina swali moja tu, nichote maji, niende zangu. Jana, pale juu, nani alikuwa amenishika?"

Nikajibu. Likatoka povu.

"Usinijibu kwa povu, mwanangu."

Hapa inabidi nieleze mambo ya jana mchana, ambayo hayakuwa ndoto.

Chuoni kwetu kuna sheria unayofundishwa kabla hata hujapanda ndege. Mwalimu na mwanafunzi hawawezi kuushika usukani kwa pamoja, wala hawawezi kuuachia kwa pamoja. Anayechukua lazima aseme kwa sauti, "Ndege ninayo mimi." Anayeachia lazima ajibu, "Ndege unayo wewe." Asipojibu, bado hujachukua. Hata kama mmekaa magoti yanagusana, hata kama mnatazamana machoni, lazima mseme.

Jana tulikuwa tunashuka kutua, mimi na mwalimu wangu, Kapteni Kibasa. Ndege ilikuwa kwangu. Upepo wa ubavuni ulikuwa unatusukuma upande wa mashamba ya mkonge. Tulikuwa juu mno na tulikuwa na kasi mno, na nilijua kabisa kwamba ukifika hapo hutui. Unaongeza nguvu ya injini, unapanda, unazunguka, unakuja upya. Nilitaka kumwambia Kapteni, tuzunguke. Lakini Kapteni ni mkubwa kuliko baba yangu, kichwa chake kimejaa mvi, na alikuwa ametulia. Nikaona nitakuwa kama ninamfundisha kazi. Halafu akakohoa na kujiweka sawa kwenye kiti. Nikaelewa kwamba sasa anachukua yeye. Nikauachia usukani kimya kimya, kwa adabu, kama mtu anavyompisha mzee kiti.

Kapteni alikuwa amekohoa tu, kwa sababu ya vumbi.

Kwa hiyo, kwa muda mfupi, ndege haikuwa na mtu. Tukagonga chini, tukaruka, tukagonga, tukaruka, tukagonga tena, tukatoka njiani na kuingia kwenye nyasi. Gurudumu la mbele likakatika, pangaboi likalima udongo. Hakuna aliyeumia. Kapteni alinisaidia kushuka, akanipangusa vumbi begani.

Jioni alikuja mpaka mlangoni mwa hosteli. "Aikande," akaniambia, "asubuhi nitakupigia simu. Utaniambia kama unaendelea na urubani au unaacha. Wengi huacha baada ya jambo kama hili, wala si aibu. Ila nataka nisikie kwa mdomo wako. Ukinyamaza, nitajua umeacha."

Nilitaka kumwambia naendelea. Neno lilikuwa tayari kabisa, limevaa na viatu. Nikasema, "Sawa, Kapteni." Akasubiri kidogo. Nikasema tena, "Sawa," nikaingia ndani.

Hayo ndiyo ya jana. Sasa turudi bombani.

"Basi panda twende," Shangazi anasema. "Na mswaki wako usiuache, kuna wezi."

Namuuliza kwa mswaki, twende wapi?

"Kutua. Mimi bado sijatua."

Namwonyesha khanga puani mwake, namwonyesha pangaboi.

"Pale nilianguka," anasema. "Kuanguka ni jambo jingine. Ndege ikipaa lazima itue, ndiyo utaratibu. Mimi tangu jana niko hewani. Hapa bombani nimekuja kwa heshima tu."

Napanda. Nafunga mkanda. Bomba halikwenda popote, lakini sasa liko chini sana, dogo kama kizibo cha kalamu, na mimi niko juu ya mashamba ya mkonge. Kiti cha pembeni yangu amekaa Kapteni Kibasa. Amevaa shati lake la kazi lenye mistari mabegani, na chini amevaa msuli.

"Umeamkaje, Aikande?"

Naitikia kwa kichwa.

Shangazi ana sukani mbili, kila mtu na wake. Leo ana mmoja tu. Umewekwa katikati yetu juu ya kisinia, umefunikwa kwa kawa, kama chakula cha mgeni. Kwa chini ya kawa unatoka mvuke.

"Karibu," Kapteni anasema, anakisogeza kisinia kwangu.

Nakisogeza kwake kwa mikono miwili.

"Hapana, hapana, karibu wewe. Mimi nimetoka kula sasa hivi."

Nakirudisha.

"Kweli nimeshiba, binti yangu. Usinionee haya."

Huku nje mkonge unapanda kuja juu. Mshale unaoonyesha tuko umbali gani kutoka ardhini unashuka, na kila ukishuka unasema "samahani" kwa sauti ndogo. Nautazama usukani. Nina njaa nao. Nakisogeza kisinia kwa Kapteni.

Redio inakwaruza. "Nani hao?" inauliza sauti ya mwanamke aliyeamshwa katikati ya usingizi.

"Huyo ni uwanja," Shangazi ananinong'oneza. "Ongea naye vizuri. Jana hakulala."

Uwanja wetu si mkubwa. Ni njia moja ya kifusi chekundu, nyasi huku na huku, mlinzi mmoja mwenye filimbi, na ng'ombe ambao lazima wafukuzwe kabla hujashuka. Sikuwahi kufikiri una sauti. Lakini mtu akishaisikia anajua kwamba hiyo ndiyo ya uwanja.

"Jana nimegongewa mlango mara tatu," uwanja unasema. "Ngo! Nikaitika, karibu. Ngo! Karibu. Ngo! Jamani, si nimesema karibu? Hakuna aliyesema hodi, hakuna aliyejitaja jina. Watu wakapita moja kwa moja mpaka uani, wakaenda kulala kwenye nyasi zangu. Mimi nimewakosea nini?"

"Hujatukosea, mama," Kapteni anasema. "Hodi."

"Wewe ndiye uliyeishika ndege?"

"Hapana. Huyu binti." Ananionyesha kwa kidevu, taratibu, ili nisijisikie vibaya.

"Haya, binti aseme yeye."

Namwonyesha Kapteni kwa mswaki.

"Binti anasema ni wewe."

"Basi mama, tuseme ni yeye."

"Mimi situliwi na 'tuseme'," uwanja unasema. "Binti, piga hodi."

Nafungua kinywa. Povu linatoka, linaelea mbele ya kioo, linapasuka.

"Sisikii mtu," uwanja unasema. "Kaeni hapo hapo mpaka aje mwenye ndege."

Tukakaa. Shangazi alisimama hewani, juu kidogo ya paa la hosteli, injini ikiunguruma, kama gari linalosubiri geti lifunguliwe. Chini yetu ng'ombe waliinua vichwa. Mmoja ninamfahamu, ana pembe iliyovunjika, aliacha kutafuna. Mlinzi alikuwa na filimbi mdomoni lakini hakuipuliza, kwa sababu hakuna sheria inayohusu ndege iliyokaa.

Kapteni akatoa karanga mfukoni, akanipa nusu.

"Sipendi kulalamika," Shangazi akasema baada ya muda.

"Lalamika tu, Shangazi," akasema Kapteni.

"Nimelemewa. Hata mkipewa karibu sitafika salama. Kuna mtu amenipakia mizigo nyuma."

Nikageuka. Nyuma ya viti, mahali tunapoweka mabegi, kulikuwa na viroba. Vilikuwa vimepangwa mpaka darini, vya kila ukubwa, na vilikuwa vinapumua. Nikajua mara moja ni vyangu. Mtu huwajua watu wa kwao.

Nikachukua kidogo kuliko vyote, nikakifungua. Ndani kulikuwa na maneno haya: *Mama Kokwijuka, mimi sipendi bamia.* Mama Kokwijuka ndiye mpishi wetu. Siku ya kwanza chuoni nilimaliza bamia zote kwa adabu, na tangu siku hiyo huniwekea kijiko cha ziada na kunikonyeza.

"Maneno hayatupwi dirishani," Shangazi akasema. "Yanasemwa ndiyo yanashuka. Hicho ni kidogo, jaribu hata kwa kunong'ona."

Nikanong'ona. Povu likawa jepesi kidogo, na kiroba kikanitoka mkononi, kikashuka, kikapita juu ya ng'ombe, kikaingia dirishani mwa jikoni. Mama Kokwijuka akatoka nje akiwa na mwiko, akatazama juu.

"Sasa si ungesema, mtoto wewe!" akapaza sauti. "Kuna mchicha!"

Shangazi akainuka kidogo. Na mimi nikahisi kifua kimefunguka, kama mtu aliyelegeza kitambaa kilichombana kiunoni.

Nikachukua kingine. *Jina langu ni Aikande. Aikael ni mtu mwingine, tena mwanamume.* Hicho kilikwenda ofisi ya taaluma, ambako huniandika Aikael. Kingine kilisema, *Shamimu, lile taulo ni langu.* Hicho kilikuwa kimelowa na kinanukia sabuni. Nikavinong'ona kimoja kimoja. Chini madirisha yakawa yanafunguka, watu wanasema "Kumbe!" na "Aa!" na mmoja, ambaye sikumtambua, akasema, "Hata mimi nilihisi." Hakuna aliyekasirika. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko ndege iliyosimama hewani.

Mwisho kikabaki kimoja. Kilikuwa kikubwa kama gunia la mahindi, kimekaa kiti cha nyuma, kimejifunga mkanda. Kilikuwa bado cha moto. Sikuhitaji kukifungua. Kilikuwa na neno moja tu, la jana mchana.

Nikanong'ona.

"Mimi sinong'onwi," kikasema, bila ubaya.

Nikanong'ona kwa nguvu zaidi. Kikanitazama kwa huruma, kikarekebisha mkanda wake.

"Huyo anahitaji sauti," akasema Shangazi. "Na wewe sauti huna, una povu. Sikiliza. Kwenye bawa langu la kushoto kuna tundu. Unalijua."

Ninalijua. Kwenye ukingo wa bawa la Shangazi kuna tundu dogo, na ndani yake kuna honi. Ndege ikipungua mwendo mno, ikikaribia kudondoka, hewa huingia tunduni na honi hulia. Kila asubuhi kabla ya kuruka, mwanafunzi huweka mdomo kwenye tundu hilo na kuvuta pumzi, ili asikie kama honi ni nzima. Wengine huweka mdomo hivyo hivyo na kuondoka na duara la vumbi usoni. Mimi huwa naweka leso.

"Nenda ukaonane nayo," Shangazi akasema.

Nikafungua mlango.

"Angalia hizo kandambili zisikuteleze," akasema Kapteni, akanishikia mswaki.

Natembea juu ya bawa. Upepo upo lakini unapita pembeni yangu, kama watu wanaokupisha kwenye korido. Nafika ukingoni, nalala kifudifudi, nainamisha kichwa mpaka kwenye tundu.

"Jana mlipogonga mkaruka, mwendo ukaisha, nililia," honi inasema. Sauti yake ni kama ya mbuzi mdogo aliyemeza kinanda cha mdomo. "Mlinisikia?"

Naitikia kwa kichwa.

"Kila mmoja akadhani namlilia mwenzake."

Naitikia tena.

"Unaona nilivyo mdogo? Mimi sina hata waya. Injini ina kelele kuliko mimi, redio ina maneno kuliko mimi, Kapteni ana miaka kuliko mimi. Lakini nikiona tunadondoka, nalia. Sisubiri kuulizwa. Na kazi yangu ni kulia kabla. Baada ya kuanguka kila mtu anaweza kulia."

Nataka kumwambia kwamba naona aibu.

"Hata mimi naona aibu," honi inasema. "Unadhani nina sauti nzuri? Nivute."

Sina leso. Naweka mdomo kwenye tundu, chuma ni cha baridi, kina vumbi la uwanja. Navuta. Honi inalia, inakuja, inapita kwenye meno kama punje ya komamanga, inashuka kooni na kukaa. Ina ladha ya kijiko.

Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikafunga mkanda. Kapteni alinirudishia mswaki wangu. Nikakohoa, ikatoka "mbeee", na ng'ombe wote kule chini wakasogea hatua moja kwa pamoja. Halafu nikafungua kinywa na povu halikuwepo.

"Tuzunguke, Kapteni," nikasema.

Ilikuwa sauti yangu. Sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa kubwa hivyo, lakini niliijua, kama unavyoijua nguo yako hata ikianikwa kwa jirani.

Kapteni akaacha kutafuna karanga. "Kumbe ulitaka tuzunguke?"

"Tangu tulipokuwa kwenye mkonge."

"Hata mimi nilitaka."

"Sasa mbona hukusema, Kapteni?"

Akainama, akavuta kitu chini ya kiti chake. Kilikuwa kiroba, kikubwa kama changu, kina mvi. "Nilikuona umetulia," akasema. "Nikasema, huyu binti amekomaa, nisimvunje moyo."

Tulikitazama kile kiroba. Kiroba changu kule nyuma kikafungua mkanda, kikasema "samahanini", kikapita katikati yetu, kikamshika mkono mwenzake. Vikafungua mlango vyenyewe na kushuka pamoja. Vilipofika chini havikutoa sauti yoyote. Palitimka vumbi kidogo tu, kama kuku aliyejikung'uta.

Shangazi akapumua. Pangaboi lake likanyooka, jani moja, kisha la pili. Akapanda bila kunung'unika, tukazunguka juu ya mkonge, juu ya hosteli, juu ya bomba ambalo sasa Shamimu alikuwa analitumia huku taulo langu likiwa begani mwake. Tukakaa sawa na njia. Upepo ulikuwa bado upo, lakini sasa ulikuwa upepo tu.

"Hodi!" nikasema kwenye redio. "Hodi, mama! Naitwa Aikande, mtoto wa mzee Ndewario wa Same, nimekuja kutua."

"Oo," uwanja ukasema, na nikausikia ukikaa vizuri. "Karibu, mwanangu. Ngoja niwaondoe hawa ng'ombe."

Kapteni akakunja mikono kifuani. Akatazama kisinia kilichokuwa katikati yetu. Nikalifunua lile kawa. Usukani ulikuwa bado wa moto.

"Kabla hatujagusa chini," akasema, "kuna swali la Shangazi. Ndege anayo nani?"

Nikafungua kinywa. Nikahisi honi inapanda kooni, ikijiandaa.

Ndipo Shamimu akanitikisa.

"Aikande! Aikande, amka, simu yako inaita. Imeita mpaka ikakata, sasa inaita tena."

Nikaamka kinywa kikiwa wazi. Jua lilikuwa limeingia mpaka miguuni mwa kitanda. Shamimu alikuwa amesimama juu yangu, nywele zimelowa, taulo langu begani, simu yangu mkononi. Akanitazama, akainama kunitazama zaidi.

"Na huo mdomo, umelamba masufuria usiku?"

Nikashika kioo chake kidogo cha mezani. Kuzunguka midomo yangu kulikuwa na duara la vumbi jekundu, jembamba, safi, kama lililochorwa kwa kifuniko cha chupa. Jana jioni nilikuwa nimeoga. Nilijisugua uso mpaka ukauma.

Shamimu anasomea ufundi wa ndege, hakuhitaji kuelezwa. "Hiyo ni alama ya honi," akasema taratibu. "Lakini Shangazi amefungiwa karakana tangu jana. Funguo anazo fundi mkuu."

"Shamimu," nikasema. "Lile taulo ni langu."

Sote wawili tulishtuka. Akalitazama lile taulo begani, kama mtu aliyeonyeshwa mdudu.

"Hili? Jamani! Mimi nilidhani ulinipa. Miezi yote hii wewe unajifutia khanga na unanyamaza tu?" Akalivua, akalitundika kwenye ukingo wa kitanda changu, akacheka. "Wewe dada una matatizo. Haya, pokea simu."

Nikapokea.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, Aikande. Umeamkaje?"

"Salama."

Halafu pakawa kimya, kimya kile kile cha jana mlangoni. Upande wake nilisikia mtu anafagia. Alikuwa ananisubiri, wala hakuwa na haraka, na nilijua kwamba akimaliza kusubiri atasema "haya", kwa upole, na urubani wangu utakuwa umekwisha. Neno "sawa" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikameza mate. Kooni palikuwa na kitu kidogo, kama punje.

"Kapteni," nikasema, "jana nilitaka tuzunguke."

Ufagio ukasimama.

"Kumbe?" akasema.

"Tangu tulipokuwa kwenye mkonge. Nilidhani umekohoa ili uchukue, nikakuachia. Sikusema, na wewe hukusema, na ndege haikuwa na mtu."

Akavuta pumzi ndefu. "Usiku kucha najiuliza hilo," akasema. "Hata mimi nilitaka tuzunguke, Aikande. Ila nilikuona umetulia. Nikasema, huyu binti amekomaa, nisimvunje moyo."

"Najua," nikasema.

"Unajuaje?"

Hakusubiri jibu. Nilimsikia akicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na mimi nikacheka, na Shamimu, ambaye hakujua tunacheka nini, akacheka.

"Basi hayo ndiyo nitakayomwambia mkuu wa chuo, na wewe utakuwepo," Kapteni akasema. "Shangazi atapona. Nipo hapa karakana. Gurudumu linatengenezeka, pangaboi litaagizwa, mwili hauna ufa. Kuna kitu kimoja tu kinamsumbua fundi. Honi. Asubuhi hii ameivuta mpaka amepata kizunguzungu, hailii. Ameifungua. Tundu lipo, honi haimo. Hakuna alama ya kung'olewa, wala nini."

Nikajifuta midomo kwa mgongo wa mkono. Vumbi likabaki mkononi.

"Nitaileta," nikasema.

"Utaleta nini?"

"Nakuja, Kapteni."

"Unakuja kufanya nini, Aikande?" Sauti yake ilikuwa ya upole lakini haikuniachia nafasi ya kujificha. "Ile ndege nyingine ya chuo ipo, imejazwa mafuta, na upepo umelala. Nimesema nataka nisikie kwa mdomo wako. Kama tunaruka asubuhi hii, ndege anayo nani?"

Shamimu alikuwa anakoroga chai. Kijiko kikasimama.

"Ndege ninayo mimi," nikasema.

Nilisema kwa sauti iliyotoka dirishani. Huko nje mtu aliyekuwa bombani akageuka kuangalia. Halafu nikasubiri, kwa sababu sheria ni kwamba asipojibu, bado hujachukua.

"Ndege unayo wewe," akasema Kapteni Kibasa.